Amparo Lazima Ale

"Kata!" akasema Dayamí. "Inzi kapita mbele ya lenzi. Tunarudia, mama."

Inzi hakuwepo. Lililokuwepo ni bakuli la mchuzi wa maharage meusi lililoshuka hadi nusu. Nusu iliyopungua ilikuwa imeshaingia tumboni mwa mama yake, na Dayamí alitaka na nusu iliyobaki iende hukohuko.

Nereida akaweka kijiko mezani, akajifuta mdomo, akakaa wima kama mtu aliyefundishwa kukaa jukwaani. Binti yake akamjazia bakuli harakaharaka, kisha akakimbilia nyuma ya simu yake iliyoegemezwa kwenye mkebe wa kahawa.

"Inzi gani?" akanong'ona Leosvel, jirani yao, aliyekuwa amenyoosha mpini wa deki juu ya meza. Kwenye ncha ya mpini alikuwa amefunga simu yake ndani ya soksi. Hiyo ndiyo maikrofoni.

"Nyamaza wewe."

"Nauliza tu, dairekta. Maana kama kazi yenyewe ni kula maharage, mimi kipaji ninacho tangu nizaliwe. Nipe hata nafasi ya jirani mwenye njaa."

"Wewe ni sauti. Sauti haili."

"Sauti inasikia harufu lakini!"

Dayamí alitamani kucheka, ila aliogopa kupoteza muda. Akashusha pumzi. "Haya. Amparo anakula chakula cha mchana. Yuko peke yake, sahani ya pili haina mtu. Sauti?"

"Tayari."

"Twende!"

Amparo akala. Kijiko baada ya kijiko, taratibu, macho kwenye sahani tupu iliyo mbele yake, yaani ungemwonea huruma mpaka mifupani. Na Dayamí, jicho kwenye kioo cha simu, alikuwa anahesabu vijiko vya mama yake kama mtu anayehesabu mapigo ya moyo.

Maana Amparo, mwanamke wa kwenye filamu, ndiye aliyekuwa anakula. Nereida alikuwa ameacha.

Kisa ni Osmel, kaka yake Dayamí. Osmel aliondoka Matanzas, mji wao, mwezi wa pili, kama wanavyoondoka wote, bila kuaga mtaa. Jana yake yuko kibarazani anatingisha mguu, kesho yake kiti kitupu. Ndege mpaka Nikaragua, na kutoka huko malori na miguu kwenda kaskazini. Simu yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo akaondoka na ya mama. Sauti yake ya mwisho ilitoka Tapachula, kule kusini mwa Meksiko: "Mami, kesho tunapanda gari. Usilie. Nikifika napiga." Dayamí aliisikiliza mpaka akapajua hata pale kaka yake anapomeza mate. Baada ya hapo, kimya. Kila ujumbe aliomtumia ulibaki na kile kialama kimoja cha kijivu, haukufika popote, wiki baada ya wiki, na sasa ulikuwa mwezi wa sita.

Nereida hakupiga mayowe. Angepiga, ingekuwa nafuu. Kwanza aliacha kutoka nje. Kisha akaacha nyama, ingawa nyama yenyewe ilikuwa imeacha kuja zamani. Akaacha wali. Akaacha mkate. Daktari wa mtaa akaja, akampima presha, akasema, "Ale." Ale! Kana kwamba kuna mtu alikuwa anamkataza.

Dawa ilipatikana kwa bahati. Dayamí alikuwa anataka kutengeneza filamu fupi apeleke kwenye mashindano ya filamu za simu, kitu cha mwanamke mpweke. Mchana mmoja alikuwa anapima mwanga mezani, na sauti ikatoka kitandani, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa siku nyingi.

"Huyo mwanamke wako anafanya nini hapo mezani?"

"Anakula, mama."

"Anacheza nani?"

Dayamí akageuka. Nereida alikuwa ameketi. Ujanani aliwahi kuigiza na kikundi cha kiwanda cha kamba, na huko aliambiwa kitu akakishika: mwigizaji akishapanda jukwaani, skripti ikisema lia, analia, ikisema kunywa, anakunywa.

"Unacheza wewe," Dayamí akasema.

Tangu siku hiyo filamu haikuisha. Ingeishaje? Leo mwanga mbaya, kesho pikipiki imepiga honi, keshokutwa Amparo abadilishe gauni. Teki juu ya teki, kipande kilekile kinarekodiwa upya. Nereida alitaka aonyeshwe kila teki baada ya kurekodi, kwa hiyo kudanganya kwamba unarekodi haikuwezekana. Na kamera ilikuwa moja tu nyumbani, simu ya Dayamí. Ya Leosvel kioo cha kamera kilikuwa kimepasuka, ilibaki kusikia tu.

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Simu ya Dayamí ndiyo namba pekee ambayo Osmel angepiga.

Siku za mwanzo simu ililia katikati ya teki. Nereida aliruka, bakuli likamwagika, akaikwapua simu kwa mikono miwili. "Mwanangu? Mwanangu?" Alikuwa shangazi yake Leosvel, anauliza kama gesi imekuja upande ule. Nereida akarudi kitandani, akageukia ukuta, na Amparo hakula siku hiyo wala iliyofuata. Toka hapo, kabla ya kila teki, Dayamí aliweka simu kwenye alama ya ndege, isipokee kitu. Hakumwambia mtu. Mama ale, au simu iwe wazi? Kila mchana alichagua, kila mchana akaona kama anamfungia mtu mlango usoni.

Sasa basi. Siku ile ya inzi wa uongo, bakuli la pili liliisha na Leosvel akadai kitu chake, sauti ya chumba. Alikuwa ameiona mtandaoni, na akiongea habari zake utadhani aliivumbua yeye. Kila chumba kina ukimya wake, ukikata maneno bila kuubandika ule ukimya, filamu inakuwa na mashimo. Kwa hiyo kila wakimaliza sehemu, wote watulie, mtu asiguse kitu, hata kupumua mpumue kwa adabu.

Wakatulia. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, friji halingurumi. Kuku wa jirani anakwaruza. Ngazi imelia mahali.

"Mimi ndiye niliyemtoa," Nereida akasema.

Leosvel akafumbua macho. Dayamí akamwonyesha kidole, usisogee.

"Mwaka mpya. Sanduku."

Mtaa mzima unafanya hivyo. Usiku wa kuamkia mwaka mpya, anayetaka safari anaburuta sanduku kuzunguka nyumba zote mpaka arudi mlangoni kwake, watu wanamwaga ndoo za maji barabarani, wanacheka, wanamtania. Osmel aliona aibu. "Mambo ya vibibi hayo," alisema. Basi mama yake akaliburuta kwa niaba yake.

"Nilitaja jina lake kabisa," Nereida akasema, anaitazama sahani tupu. "Kila kona nilisema, Osmel asafiri. Osmel asafiri. Sikusema afike. Nilisahau kusema afike."

Na Dayamí, badala ya kumkumbatia mama yake, akageuka kwa Leosvel. "Umenasa?"

Neno lilimtoka kabla hajalijua. Leosvel akatazama sakafu. Masikio ya Dayamí yakawaka moto. Nereida alimkazia macho kwa muda, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi kitu kikawaka machoni mwake, ila hakikuwa kitu kizuri.

"Kama amenasa, vizuri," akasema. "Maana Amparo ataenda kulirudisha."

"Kulirudisha nini?"

"Sanduku. Atalizungusha kinyume, mchana kweupe. Na toka sasa Amparo hali mpaka simu ilie. Andika."

"Mama, skripti naandika mimi."

"Na anayekula ni nani?"

Akainuka, akaenda kulala.

Jamani, siku ile! Dayamí alipika viazi vitamu, akatafuta yai moja mtaa mzima, akalikaanga, akaegemeza simu. "Teki mpya, mama. Mwanga umekuja vizuri sana." Nereida akaja, akakaa, akalitazama yai. "Amparo hali," akasema kwa upole, kama anayemkumbusha mwenzake aliyesahau mstari. Kesho yake alikunywa maji tu. Dayamí akabadilisha hadithi, akasema Amparo ana mgeni. Akasema ni siku yake ya kuzaliwa. Akasema hakuna Amparo, mama, nakuomba, kula tu! Nereida akamwangalia kama mtu asiyeelewa lugha.

"Mpeleke akazungushe hilo sanduku," Leosvel akamwambia ngazini. "Akimaliza atakula."

"Na simu isipolia?"

Leosvel akavuta soksi kwenye mpini, akaivuta tena. "Sijui, Dayamí. Mimi ni sauti tu."

Wakatoka asubuhi iliyofuata. Nereida alipaka rangi ya mdomo. Alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatia ndani viatu vya Osmel na shati lake la kazi, "lisirudi tupu," akafunga zipu. Mlangoni alisimama. Hakuwa amevuka kile kizingiti tangu mwezi wa tatu. Jua lilimpiga usoni akasepetuka, akashika fremu, kisha akakata kushoto, upande ambao hakuna mtu anayezungusha sanduku.

Dayamí alikuwa mbele yake, anatembea kinyumenyume, simu mkononi. Ndege ilikuwa juu ya kioo, kama kawaida. Leosvel pembeni na mpini wake.

"Nereida!" akaita mzee Fermín kutoka kibarazani, na fulana yake ya matundu. "Mwaka mpya umewahi, au wewe ndiye umechelewa?"

"Ingia ndani, Fermín, jua litakukaanga upara!" akajibu Leosvel.

"Na yeye anaondoka?" mwanamke akauliza kutoka dirishani. "Sasa wa kuzima taa atabaki nani?"

"Taa gani wewe, umeme wenyewe uko wapi?"

Mtaa ukacheka. Nereida hakusikia. Gurudumu moja la sanduku lilikuwa limekufa, likawa linakwaruza lami krrr, krrr, na kila kona alisimama akasema, "Osmel arudi. Osmel afike popote." Midomo imemkauka, ile rangi inapasuka. Na kwenye kioo cha simu, mwenzangu, picha ilikuwa nzuri kupita kiasi! Kivuli chake kirefu kwenye ukuta uliobabuka, sanduku nyuma kama mnyama mzee anayegoma. Dayamí aliona magoti ya mama yanalegea. Aliona kabisa. Akajiambia, kidogo tu, afike pale kivuli kinapokatika.

Nereida alifika pale kivuli kinapokatika, akaanguka.

Ilikuwa mbele ya duka la mkate, na foleni ya asubuhi ikavunjika yote kwa mkupuo. "Mpe hewa!" "Maji ya sukari!" "Sukari ya nani, dada, unayo wewe?" Zoraida, mama mmoja mnene wa nyumba ya pili, akamkalisha Nereida kwenye sanduku na kuanza kumpepea kwa mfuko wa plastiki.

"Imelia?" Nereida akauliza.

Dayamí alikuwa amepiga magoti, simu bado mkononi. "Bado, mama."

"Lete nione."

"Mama, kwanza unywe..."

"Lete!"

Akaitwaa. Akaisogeza karibu na macho. Kidole chake kikavu kikagusa juu ya kioo. "Hii ndege ya nini?"

Angeweza kudanganya. Uongo alikuwa nao tele, miezi yote ile hakuishi kwa kitu kingine. Ila hakuwa na nguvu ya kuuinua hata mmoja. "Inafunga mtandao," akasema. "Tukirekodi, naifunga. Ukisikia simu unaacha kula. Kila siku tuliporekodi nilikuwa naifunga."

Zoraida akaacha kupepea.

"Ifungue."

Dayamí akagusa. Ndege ikatoweka. Vijiti vya mtandao vikapanda kimoja, viwili. Wote wakasubiri, watu wa mkate, Leosvel, mzee Fermín aliyekuja na ndala moja. Simu ikatetemeka mkononi mwa Nereida, naye akatoa sauti kama aliyechomwa. Tangazo la kuongeza salio. Ikatetemeka tena. Sala ya kusambazia watu, kutoka kwa binamu. Basi. Dayamí akafungua jina la Osmel. Kialama kimoja cha kijivu, kila ujumbe, mpaka chini.

"Ningeiacha wazi, mama, ni yaleyale. Hajapiga."

Nereida akamzaba kofi. Lilikuwa kofi lisilo na nguvu hata ya kuua mbu, na ndiyo maana liliuma.

"Nipige!" Dayamí akapasuka, machozi na kamasi, mbele ya mtaa mzima. "Nipige tena! Lakini mimi niko hapa! Hakuna aliyenizungushia sanduku, nipo, kila siku nipo! Osmel akila huko au asile, wewe unalala na njaa kwa ajili yake. Mimi je? Ukifa, mimi nipige simu kwa nani?"

Akakaa chini kwenye lami, miguu imenyooka kama mtoto. Hakuna aliyemgusa. Leosvel alishusha mpini.

Nereida alimwangalia. Alimwangalia kwa muda mrefu, toka miguuni, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa maandishi madogo. Akanyoosha mkono, akamgusa mfupa wa bega uliotokeza kwenye blauzi.

"Umekonda lini hivi?"

"Teki zako," Dayamí akasema kwa kwikwi. "Bakuli la pili lilikuwa la nani, unafikiri?"

Zoraida alitoa mfukoni kimkate chake cha mgao, kile kimoja cha kwake cha siku, bado kina joto, akakiweka kwenye mapaja ya Nereida. Nereida akakichukua, akamnyooshea binti yake.

"Kula."

"Sili mpaka ule wewe."

"Dayamí, kula."

"Wewe kwanza."

"Mtu mmoja ale, jamani!" mwanamume akapaza sauti kutoka nyuma. "Jua linatuua hapa!"

"Mimi nipo," Leosvel akasema, na Zoraida akampiga mkono.

Nereida akaumega mkate vipande viwili. Kimoja akakitia mkononi mwa Dayamí, kingine akakipeleka mdomoni. Alitafuna vibaya, kama mtu anayetafuna kamba, mara mbili akataka kutapika, akajishika koo. Akameza. Dayamí alitafuna naye, wanatazamana, chumvi ya machozi imechanganyika na mkate. Hakukuwa na Amparo pale. Alikuwa mama yake, mdomo umepakaa rangi mpaka kidevuni.

Kisha Nereida akajiinua kwa kushika sanduku. Miguu ilitetemeka, ila ilimsimamisha. Akaigeukia foleni, akauliza kwa sauti ya kupwaya lile swali ambalo kila mtu huuliza akifika kwenye foleni, ajue amsimamie nani nyuma.

"Wa mwisho nani?"

Watu wakatazamana. Yule mwanamume mwenye haraka akainua mkono pole pole. "Ni mimi, mama."

Nereida akaburuta sanduku mpaka nyuma yake, akalikalia.

"Nenda nyumbani ukaniletee kitabu cha mgao," akamwambia Dayamí. "Tunachukua mikate mitatu. Osmel bado yumo kitabuni." Akaweka mkono kwenye zipu, juu ya shati na viatu. "Wa Osmel tutamrudishia Zoraida."

Dayamí alisimama na simu mkononi, mtandao wazi, kioo kimya. Hakujua kama alilosikia ni mama anayerudi au mama anayemzika kaka yake, na hakuwa na wa kumuuliza. Foleni ikasogea mbele. Nereida akainuka, akalivuta sanduku, krrr, akakaa tena.

"Nenda basi," akasema. "Mkate utaisha."